Injini Iliyozima Mara Tatu

2 Juni

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii imekufikia kabla dereva wa basi hajaikalia. Mama hataki nikuandikie habari za injini. Anasema mtu aliyestaafu ana haki ya kusahau makelele. Lakini simu huisikii, na hapa sina mwingine ninayemwamini kwa mambo ya chuma.

Mashua ya baba imerudishwa. Kamati ya uchunguzi ya bandari imemalizana nayo. Sasa imeegemezwa juu ya magogo kule yadi, tanga limekunjwa, ubavu wa kulia umepasuka pale ulipogonga ukuta wa mawe. Injini haikuingia maji. Kabureta nimekabidhiwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye namba, kama kiungo cha mtu.

Ushahidi unaujua. Upepo ulikufa mlangoni mwa bandari, baba akashusha tanga, akawasha injini. Mlinzi wa gati aliisikia ikiwaka, ikizima, ikiwaka, ikizima. Ilipozima mara ya tatu mkondo ukamsukuma kwenye mawe, akatoa mguu kuikinga mashua isigonge, akateleza. Yaliyofuata sitayarudia, ulikuwapo mazikoni.

Fundi Taratibu ndiye aliyesafisha kabureta siku nne kabla. Mtaalamu wa kamati amekuta chembe za kutu kwenye bakuli lake. Tarehe thelathini wanaketi. Wakisema ni uzembe, faili linakwenda polisi, naye anakwenda jela. Karakana yake tayari imepigwa kufuli.

Mjomba, nataka iwe yeye. Naandika hivi ili usidhani nina moyo mzuri. Tangu mazishi nimelala na kuamka na jina lake mdomoni. Lakini nimesoma hisabati miaka minne, na siwezi kumchukia mtu kwa "inaonekana". Lazima nione mwenyewe. Nifundishe: injini ya petroli ya miaka arobaini inayowaka vizuri halafu inazima yenyewe, nianze kuichunguza wapi?

Mama yupo. Anashona matanga ya watu kutwa nzima, na akimaliza anafumua mshono alioushona vizuri, anaanza upya.

Mpwa wako

*

5 Juni

Mpwa wangu, Bi Maswali,

Marahaba. Dereva hakuikalia barua yako, alijipepea nayo njia nzima. Imefika inanuka jasho lake, lakini inasomeka.

Anza na kabureta. Kwingine usipoteze muda.

Fungua bakuli la chini. Mle ndani kuna boya dogo linalopanda na kushuka na mafuta. Litoe, litikise karibu na sikio. Ukisikia petroli inacheza ndani, limetoboka. Boya linasukuma sindano inayofunga mlango wa mafuta. Kagua ncha yake kama imelika. Kisha nenda kwenye jeti. Ni kijiti cha shaba chenye tundu dogo kuliko jicho la sindano ya mama yako. Kielekeze dirishani. Ukiona nuru ya duara, ni kizima. Ukiona giza, umepata. Usiingize waya, utalitanua tundu. Puliza kwa mdomo. Ladha yake ni chungu, lakini hata ndoa ina siku zake.

Kuhusu Taratibu: mikono yake ni mizuri, ila hata mikono mizuri huteleza. Kamati ina watu waliosomea kazi hiyo. Si vibaya kuwaachia.

Mama yako usimtwishe habari hizi. Vyuma hivyo usivilete nyumbani, wala usimwulizeulize. Mwache ashone.

Mjomba wako

*

11 Juni

Shikamoo Mjomba,

Nimefanya yote, kwa mpangilio wako. Nilikaa yadi kwenye kivuli cha mashua, kabureta mapajani juu ya gazeti. Mwanamke anayelinda lango alikuja kusimama juu yangu, mikono kiunoni.

"Binti, yaani chuo kikuu chote kile, umerudi kunyonya misumari?"

"Napuliza, sinyonyi."

"Haya, puliza. Mume utampata fundi gereji, muoane na oili."

Nilicheka, Mjomba. Mara ya kwanza tangu siku ile. Halafu nikaona aibu, kama mtu aliyecheka msibani, na kweli bado ni msiba.

Boya zima. Ncha ya sindano haijalika. Nilipoielekeza jeti juani nuru ilikuja ya duara kabisa. Chembe za kutu wamenirudishia kwenye karatasi: ni saba, laini kama unga, zikijipanga zote bado zinapita kwenye lile tundu.

Nikarudisha kabureta mahali pake. Nikaipa injini maji ya kuipoza kwa mpira wa bomba, na petroli kutoka kwenye dumu, kwa mpira wake. Tangi sikuligusa. Nikawasha.

Imeunguruma saa nzima. Nilikaa mbele yake na saa mkononi nikiiombea ife. Ndivyo nilivyofanya: niliiombea ife, ili nimpate mtu wa kumtia hatiani. Haikufa. Haikukohoa hata mara moja.

Basi si kabureta. Tofauti kati ya dumu langu na siku aliyokufa baba ni nini, zaidi ya tangi na bomba lake? Niambie namna ya kukagua tangi.

Jioni niliporudi, mama alinusa petroli kwenye nguo zangu. Aliinuka mezani, akaenda kutapika. Nilisimama nje ya mlango wa choo nikijilaumu. Sikufikiria kwamba kwake harufu ile sasa ni harufu ya kifo.

Mpwa wako

*

14 Juni

Mpwa wangu,

Umefanya yaliyompasa mwana, na zaidi. Sasa acha.

Nisikilize. Injini iliyo juu ya magogo si injini iliyo majini. Yadi hakuna mawimbi, chembe zimelala chini ya bakuli kama watu wazima baada ya kula. Mlangoni mwa bandari mashua inapigwa huku na huku. Chembe zinapanda, zinajikusanya kwenye jeti, mafuta hayapiti, injini inazima. Ikishazima chembe zinashuka, injini inawaka tena. Mara tatu. Ndiyo maana wewe hukuona kitu. Taratibu hakuliosha bakuli vizuri, basi.

Tangi usiliguse. Petroli iliyolala ni nyoka aliyelala. Uza mashua kama ilivyo, urudi chuoni. Marehemu hafufuki kwa spana.

Na nguo za petroli zivulie nje.

Mjomba wako

*

19 Juni

Mjomba,

Hoja yako ya mawimbi ilinikaa kichwani siku mbili. Ilikuwa hoja nzuri. Ilinipa nilichotaka, kwa hiyo nikaenda kumwambia Taratibu usoni.

Alikuwa ameketi juu ya kreti mbele ya mlango wake wenye kufuli. Sasa najua kwa nini anaitwa vile. Ukimwambia kitu, anakitazama nusu dakika kabla ya kukijibu.

"Pole, binti."

"Sikufuata pole." Nikammwagia yote: chembe, mawimbi, bakuli lisilooshwa.

"Hayo ya mawimbi kakwambia nani?" akauliza.

"Mjomba wangu."

"Mwalimu kasema hivyo?"

"Mwalimu gani?"

"Mjomba wako. Miaka sita nimekula chumvi yake, kazi yote niliyonayo ni yake. Hajakwambia?"

Hukuniambia, Mjomba.

"Jeti ikiziba," akasema, "injini inakohoa, inatetemeka, inapigapiga. Mlinzi wa gati kasema ile ilififia, kama mtu anayepitiwa na usingizi. Hiyo ni njaa. Mafuta hayaji. Mwalimu alikuambia uanzie wapi?"

"Kwenye kabureta."

Akacheka kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. "Sisi tulikuwa tunazabwa kibao tukigusa kabureta kabla ya tangi. 'Mafuta yanatoka tangini, na wewe toka nayo huko huko.' Kila siku, miaka sita. Mwalimu kazeeka kiasi hicho?"

Nilijua hujazeeka kiasi hicho.

Nikarudi yadi. Nikajaza tangi, nikafunga kifuniko, nikaunganisha bomba lake kama lilivyokuwa siku ile. Injini ilikwenda dakika kumi na saba, ikafifia, ikazima. Nikasubiri, nikaiwasha: dakika nne. Nikasubiri: mbili. Mara tatu, Mjomba, bila wimbi hata moja. Kisha nikafungua kifuniko. Tangi lilivuta hewa kwa mlio, kama mtu aliyetolewa kichwa majini. Nikaiwasha kifuniko kikiwa wazi, ikaenda mpaka nikachoka kuisikiliza.

Najua unajua, lakini nataka kuandika ili iwepo kwenye karatasi. Mafuta yakitoka tangini lazima hewa iingie mahali pake, la sivyo tangi linayang'ang'ania. Hewa inaingia kwa kibomba chembamba ambacho mdomo wake uko kando ya mlango wa chumba cha ndani. Nilitia kidole. Kulikuwa na kitu kigumu, kimevutwa ndani kiasi cha pingili moja. Nilikitoa kwa pini ya nywele.

Ni nta. Ina mikwaruzo ya uzi mweupe wa tanga. Mashua ile, ukimwacha fundi, walikuwa wakiingia watu watatu tu, na ni mmoja anayetembea na donge la nta mfukoni kulainishia uzi.

Kamati walikuta walichotaka kukikuta, wakaacha kutafuta. Wewe ulijua. Ulichukua kanuni yako mwenyewe ukaigeuza juu chini, ili nisifike tangini.

Ulijua tangu lini?

*

22 Juni

Mpwa wangu,

Tangu siku ya tatu baada ya mazishi.

Mama yako aliniita jikoni, akafungua maji ili nyie wa sebuleni msisikie, akanisemea sikioni, sikio hili la kushoto lililobaki. Siku tatu alikuwa anashona mito ya vitanda mle ndani ya mashua. Unajua harufu ya petroli inavyomuumiza kichwa, tangu ujana wake. Ile harufu inatoka kwenye kibomba na kuingia mlangoni. Akamega nta akaziba, mara moja tu, mpaka amalize. Siku ya tatu uzi ukamwishia, akaenda nyumbani kuchukua mwingine. Aliporudi gatini baba yako alikuwa ameshatoka. Upepo ulikuwa mzuri, alitaka kuijaribu injini iliyosafishwa. Mama yako hakukumbuka kitu. Akarudi nyumbani akashona. Alipomega nta ya uzi akaliona donge limepungua. Ndipo alipokumbuka, na kabla hajavaa viatu watu walikuwa mlangoni wanabisha hodi.

Alitaka kusema siku ile ile. Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Nilidhani kamati wataandika "injini kuukuu" na mambo yataisha. Sikujua watampata mtu. Nilipojua ni Taratibu, nilijiambia hana mke wala mtoto, atavumilia. Hayo nimeyasema kichwani mwangu, na sasa nayaandika, na mkono haujakauka. Nilimlea miaka sita.

Lakini dada yangu ni mmoja. Kumzika mume na kujua umemzika kwa mkono wako, hilo peke yake halimtoshi? Unataka alisomewe mbele za watu? Atakufa, mwanangu. Nakupigia magoti.

Mjomba

*

25 Juni

Shikamoo Mjomba,

Narudisha shikamoo, kwa sababu umesema ukweli.

Juzi niliiweka nta mezani kwake, karibu na mkasi. Asubuhi haikuwepo. Mama alinimiminia chai, mkono umetulia kabisa, akaniuliza kama nimelala. Nikasema nimelala. Tumekuwa watu wa adabu sana.

Unasema atakufa. Mimi namwona kila siku akifumua mshono mzima na kuushona tena, na sijui unaita hali hiyo nini. Na Taratibu je? Nilipita jana, bado yuko juu ya kreti lake, anaamka asubuhi anakwenda kukaa mbele ya kufuli kama anayekwenda kazini.

Nimejiuliza kama ninamtetea yeye, au kama nilihitaji tu mtu wa kumchukia na huyu wa kwanza akaniponyoka. Nimejiuliza hadi kichwa kikauma. Lakini mtu asiye na hatia hawezi kungoja mpaka moyo wangu uwe safi.

Nimeamua hivi. Tutakwenda wote tarehe thelathini. Akisema mwenyewe, nitamshika mkono mbele yao na sitauachia. Asiposema, nitasema mimi.

Njoo, Mjomba. Wewe ndiye uliyemfunga mdomo, njoo umfungue.

Mpwa wako

*

5 Julai

Mwanangu,

Nimefika kwa mjomba wako salama. Niliondoka bila kuaga kwa sababu ningekuaga ningesema maneno, na maneno yakishatoka hayarudi.

Sijui kuandika kama wewe. Nitasema kilichotokea.

Siku ile niliamka nimeamua. Nta niliifunga kwenye leso, nikaishika mkononi njia nzima. Wewe ulikuwa unatazama dirishani. Mwenyekiti alisema wataitwa watatu: mlinzi wa gati, mtaalamu, kisha mjane. Uliyasikia. Mimi nilikuwa wa tatu. Nikakaa nasubiri zamu yangu, maana sikuzoea kusimama mbele za watu bila kuitwa.

Mtaalamu alipokaa, ukasimama wewe. Ukasema, "Aliyeziba ni mama yangu." Hukunitazama. Niliwaona watu wale wakigeuka benchi kwa benchi.

Sisemi ulisema uongo. Ni kweli tupu. Taratibu amefunguliwa karakana yake, na nimefurahi, sikudanganyi. Kamati wameandika ni bahati mbaya, na polisi hawanitaki. Mwenyekiti hata alinipa pole. Nilipoitwa mwishowe sikuwa na cha kusema ila ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Lakini baba yako nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu cha kumfanyia, kusema kwa mdomo wangu kwamba ni mimi. Umekichukua. Umekichukua kwa haki, lakini umekichukua.

Funga mlango wa nyuma kwa komeo, kitasa hakishiki. Tanga lililo mezani ni la watu, limekwisha, watakuja kulichukua.

Usiniandikie kwa sasa.

Mama yako

*

9 Julai

Shikamoo Mjomba,

Amenikataza kumwandikia, kwa hiyo nakuandikia wewe. Hukuja. Silalamiki, naeleza tu kwamba kiti nilichokuwekea kilikaa wazi.

Nilisikia kwamba yeye ni wa tatu. Lakini mtaalamu alipomaliza, mwenyekiti alitazama saa ya ukutani akasema, "Kwa kuwa mambo yako wazi..." Nikamtazama mama. Hakuinua kichwa. Mkono ulikuwa umefumbwa mapajani, na mimi niliusoma mkono ule kama mlango uliofungwa. Sikujua kuna kitu ndani yake. Taratibu alikuwa ameketi wima kama mtoto wa shule. Nikasimama.

Kama ningengoja dakika mbili. Ninazikokotoa dakika zile kila siku kama hesabu, na jibu halitoki.

Taratibu alikuja nyumbani. Alisimama getini nusu dakika yake, akasema, "Mwambie mama yako sina neno naye." Kuhusu wewe hakusema kitu.

Wewe unaishi naye sasa. Unamwona asubuhi. Niambie ukweli, Mjomba: angesema?

Mpwa wako

*

14 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Kiti kile nilikiona nikiwa huku huku. Sikuja kwa sababu Taratibu angekuwepo chumbani, na sikuwa na uso wa kumletea. Nimemwandikia barua mbili, hazijajibiwa. Watu watasema ni taratibu zake tu za kujibu. Mimi nilimlea, najua hilo ndilo jibu.

Swali lako nililipeleka kwa mama yako kama lilivyo. Akasema angesema. Baadaye, tukiwa tunakunja nguo, akasema labda angesema. Sikumwuliza mara ya tatu.

Nilishakuelekeza vibaya mara moja, kwa makusudi, nikijua njia. Safari hii njia siijui. Sijui, mwanangu. Nadhani naye hajui, na kwamba hatajua kamwe ndicho anacholilia.

Hashoni. Asubuhi anatoa kiti nje, anakaa ameelekea barabarani. Jana aliniuliza kitu nisikisikie, akarudia kwa sauti mpaka jirani akageuka: basi la kutoka kwenu huchukua saa ngapi?

Nikamwambia ni safari ya saa tisa.

"Mbali," akasema, akachukua kiti chake, akaingia ndani.

Mjomba wako